Kamba za Mashuka

Nyuma ya mlango wa mbele wa nyumba ya shangazi yangu palikuwa na misumari kumi na miwili iliyopigwa kwa mstari, na kwenye kila msumari ilining'inia kamba nyeupe ya kufungia mbwa. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani shangazi anafuga kundi zima. Mbwa alikuwa mmoja tu, mzee, wa rangi ya chai ya maziwa. Tulimwita Karani kwa sababu hakupita kitu bila kukikagua. Kamba nyingine kumi na moja zilikuwa za kuazimisha watu.

Alizisuka mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja shangazi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mashuka yaliyochakaa hadi kuandikiwa kutupwa aliyaomba, akayachana vipande virefu, akasuka vitatu vitatu. Mtu akimuuliza kama hazitakatika alijibu, "Shuka la hospitali limebeba watu wazito kuliko mbwa wako." Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepauka kwa dawa za kufulia. Hata baada ya kustaafu aliendelea kukunja kila kitu kwa kona nne: taulo, magazeti, mifuko ya mkate.

Karani naye alitoka hospitali. Mwenye mbwa alilazwa wodi ya wanaume, akafariki, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Mbwa alikuwa amemsindikiza hadi upande wa mbele, ulio na mlango wa kufulia, basi akalala hapo kumsubiri. Alisubiri siku nne. Walinzi walimfukuza akarudi, wakammwagia maji akasogea hatua mbili, akalala tena. Siku ya tano shangazi alipomaliza zamu alichana ukingo wa shuka, akamfunga shingoni, akamgusa mara mbili na kumwambia, "Haya." Mbwa akainuka wakaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa kamba ya kwanza.

Alipostaafu, ofisi ya wanyamapori ilikuwa inatafuta mlinzi wa ufuko. Si ufuko wote. Ni kile kipande cha kuanzia nguzo ya mbao yenye rangi nyekundu hadi pale mto unapoingia baharini, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Pale, kila mwaka kwa miezi mitatu, hutagia ndege wadogo wa rangi ya mchanga, wenye utepe mweusi shingoni. Hawajengi kitu. Kiota chao ni kishimo tu, kama mtu amekanyaga kwa kisigino akaondoka, na ndani yake mayai mawili au matatu yenye madoa, ambayo unaweza kuyakanyaga huku unayatafuta. Shangazi aliwaita wapangaji wake. "Wapangaji wasio na kelele," alisema, "lakini hawapendi kugongewa mlango."

Kazi yenyewe aliifanya kwa namna yake. Asubuhi alishuka na Karani, kamba fupi mkononi, akapita kwenye mchanga uliolowa, chini kabisa karibu na maji, ambako hakuna ndege anayetaga. Alipofika usawa wa gogo kubwa lililotupwa na bahari miaka mingi nyuma, alipanda hadi kwenye gogo lile, akasimama. Karani akalala chini. Shangazi akaweka darubini machoni akatazama juu, kwenye vichaka vya mchangani walikopenda kutaga, akahesabu viota. Akimaliza alimgusa mbwa shingoni mara mbili, akamwambia, "Haya," wakarudi. Kwa miaka tisa gogo lile lilikuwa kituo chao. Bila kuguswa, Karani hainuki. Apite kaa mbele ya pua yake, ipigwe honi, hainuki.

Waliokuja na mbwa wasiofungwa aliwakuta kwenye nguzo nyekundu na kuwapa kamba. Watoto walimwita Mama Kamba na hakukasirika. Aliyemsumbua zaidi ya wote alikuwa mwalimu mmoja wa udereva, mtu mnene mcheshi, mwenye mbwa mweusi mkubwa kama ndama.

"Mama Kamba, leo unamfunga nani?"

"Wewe, kama ungekuwa na shingo."

"Huyu wangu hana neno jamani. Hajawahi kung'ata hata nzi."

"Nani kasema atang'ata? Ndege akimwona tu anaruka. Akiruka, mayai yanabaki juani. Mchanga huu saa nne unaunguza kisigino chako wewe uliyevaa viatu. Yai litakuwaje?"

"Lakini mbwa wangu ni mpole!"

"Ndege hajui hilo."

Nadhani maneno hayo, "ndege hajui hilo", aliyasema mara elfu. Mwalimu alicheka, akachukua kamba, akamfunga mbwa wake. Wiki iliyofuata alikuja tena bila kamba.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwa shangazi katika chumba cha uani na maboksi yangu ya vitabu. Sikuwa mtu wa kutoka sana. Nilimsaidia kujaza fomu za ofisi, kwa kuwa visanduku vyake vilikuwa vidogo na macho yake yalikuwa yamechoka. "Njoo, msomi," aliniita kila jioni, nami nikaandika tarehe, idadi ya ndege, idadi ya mbwa, waliofungwa na wasiofungwa.

Ndiyo maana barua ya ofisi niliisoma mimi. Ilisema kwamba kwa misimu mitatu hakuna kinda hata mmoja aliyeruka pale. Mwaka wa kwanza mawimbi yalizoa viota. Wa pili kunguru. Wa tatu joto. Ikiwa msimu huu pia viota vitapotea kwa sababu za asili, ofisi itaamini kuwa mahali hapo hapafai tena, nguzo itang'olewa, na kipande hicho watapewa wakodishaji wa viti na miavuli.

Shangazi aliuliza, "Wanataka makinda wangapi?"

"Hawajasema. Hata mmoja, nadhani."

"Mmoja," alisema. "Mmoja tutampata."

Mwaka huo ilikuja jozi moja tu. Na katika mchanga wote ule, walichagua kutaga ubavuni mwa gogo, hatua nne kutoka pale shangazi na Karani walipozoea kusimama. Mayai matatu. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. "Nimewafuata miaka tisa, sasa wamenifuata wao." Tangu siku hiyo hakupanda tena hadi kwenye gogo. Alibaki chini kwenye mchanga uliolowa na kutazama kwa darubini kutoka mbali. Karani alikuwa akivuta kamba kidogo kuelekea juu, naye akamrudisha. Alinisimulia hilo kama kichekesho: mzee wa watu ameshaanza kusahau kwamba ofisi imehama.

Lakini Karani alikuwa anaisha. Masikio yalikuwa yamekufa, nyonga zilimuuma, na kwa wiki mbili alikuwa hali mpaka alishwe kwa mkono. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akasema kuna uvimbe na kwamba kumwacha hivyo ni kumtesa. Wakapanga Alhamisi, saa kumi jioni, nyumbani, ili asipelekwe mahali asipopajua.

Siku mbili kabla, mwalimu wa udereva alikuwa amewakuta njiani, akamtazama mbwa anavyojikongoja.

"Huyo mzee wako atakufa hajawahi kukimbia hata siku moja, Mama Kamba. Maisha yote mkono mmoja na kamba."

Aliyasema kwa mzaha kama kawaida yake. Shangazi, ambaye kwa kila neno alikuwa na lake, safari hii alimvuta Karani taratibu wakapita. Jioni hiyo nilimwona amekaa sakafuni karibu na Karani, anaichezea ile kamba ya kwanza, iliyokuwa imegeuka kijivu.

"Hivi nimemfunga sana?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana. Nilisema haraka mno, kama mtu anayetaka kurudi kwenye kitabu chake, na ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi ya Alhamisi walishuka wawili. Mimi nilibaki kufua blanketi ambalo Karani angelalia jioni. Yaliyotokea nimeyajua kwa shangazi mwenyewe na kwa mwalimu.

Upande wa nje wa nguzo nyekundu mbwa anaruhusiwa kutembea huru, ila mwenye mbwa asimwondolee macho. Sharti hilo shangazi ndiye aliyeiomba ofisi iliandike kwenye ubao. Hapo nje ya nguzo alimfungua Karani. Hakukuwa na mtu. Karani alisimama, akamtazama, hakujua afanye nini na shingo tupu. Akanusa mwani. Akatembea hatua kumi, akarudi. Shangazi aliniambia kwamba alijikuta akicheka na kulia kwa pamoja.

Ndipo yule mbwa mweusi alipotokea anakimbia, hana kamba, anaelekea kwenye nguzo. Shangazi aligeuka akamdaka shingoni. Mwalimu akaja anahema, na wakaanza. Safari hii alimsema kweli. Alimsema kwa ajili ya misimu mitatu, kwa ajili ya barua ya ofisi, na nadhani pia kwa ajili ya saa kumi jioni. Mwalimu naye alijibu. Walipomaliza, shangazi alitazama nyuma. Karani hayupo.

Kumwita hakukuwa na maana, mbwa ni kiziwi. Shangazi aliwaza barabara. Mwezi mmoja kabla, gari lilikuwa nusura limkanyage kwa sababu hakuisikia. Kwamba mbwa yule wa kujikongoja angeweza kutembea peke yake hadi kwenye gogo, dakika kumi na ushee kwenye mchanga, halikumjia kabisa. Mwalimu alimfunga mbwa wake kwenye nguzo, akamchukua shangazi kwenye gari lake la kufundishia, lile lenye breki mbili, wakazunguka mitaa yote ya juu: kituo cha mafuta, nyuma ya shule, jalalani, hospitalini kwenye mlango wa kufulia. Walizunguka zaidi ya saa mbili.

Saa tano mwalimu alisimamisha gari kwenye kilima cha juu ya ufuko ili wapumue, na kutoka pale shangazi akaona kitu cha rangi ya chai ya maziwa kando ya gogo.

Karani alikuwa amekwenda kazini. Alikuwa amefuata njia yake ya miaka tisa, chini kwenye mchanga uliolowa, kisha juu hadi kituoni, akalala palepale alipozoea kulala, kichwa juu ya miguu ya mbele, akisubiri kuguswa. Hakugusa kiota. Hakuwatazama hata ndege, waliokuwa wakizunguka juu yake na kulia, wakitua, wakiburuta bawa kama waliovunjika ili awafuate, wakiruka tena. Mayai matatu yalikuwa hatua nne kutoka puani pake, wazi kwenye jua.

Mwalimu ndiye aliyekuja kuniita. Nilipofika, shangazi alikuwa amemwondoa mbwa na kukaa naye chini kwenye mchanga uliolowa, nguo yake imeloa hadi magotini. Ndege alikuwa amerudi kuatamia.

"Amerudi, shangazi," nilisema. "Ona, amekaa. Labda hayajaharibika."

"Labda," alisema.

"Walibakiza siku ngapi kuangua?"

"Nne."

Mwalimu wa udereva alisimama kando na mbwa wake, amemfunga kwa kamba ya shuka, ameizungusha mkononi mara tatu. "Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita hivyo tu, "mimi sikuona kitu. Uelewe. Sikuona kitu."

Saa kumi daktari alikuja. Blanketi lilikuwa halijakauka vizuri, tukatandika shuka. Karani alilala ubavu, shangazi amemshika kichwa. Daktari aliposema imekwisha, shangazi alimgusa shingoni mara mbili. "Haya" hakuisema.

Tulichimba uani, nyuma ya chumba changu. Niliuliza kama tumzike na kamba yake au tuitunze.

"Mfunge," alisema. "Nilimfungua mara moja, inatosha."

Ile jioni, kwenye fomu, aliniambia niache tarehe hiyo wazi kwanza. Niliiacha. Siku ya nne ilifika, na shangazi alishuka ufukoni kabla ya chai, peke yake, akiwa amekunja ngumi ya mkono wa kushoto kana kwamba ameshika kitu. Ndege alikuwa ameatamia. Siku ya sita ameatamia. Siku ya tisa dume na jike walikuwa bado wanapokezana, mmoja akija anakimbia kwa vijimiguu vyake kama mtu aliyechelewa zamu, mwenzake akiondoka kwenda kula. Shangazi alikuwa akirudi, anavua viatu mlangoni, ananiambia, "Bado wapo," kisha anaingia ndani kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Siku ya kumi na sita wakaondoka. Shangazi alisubiri hadi jua lishuke, akapanda kwenye gogo, akayakuta mayai matatu ya baridi, mazito, safi. Aliyatikisa sikioni moja moja. Akayarudisha kwenye kishimo.

Jioni hiyo aliniita. "Njoo, msomi. Tufunge fomu."

Nilikaa mezani. Yeye alikaa upande wa pili, mikono juu ya meza.

"Soma hapo panauliza nini."

"Sababu ya kiota kupotea."

"Wametoa majibu?"

Nikamsomea: mawimbi, kunguru, joto, watu, mbwa, mengineyo. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilikuwa nimeliwazia jambo hilo siku nyingi, na nilijiona mwerevu.

"Joto, shangazi. Wala si uongo. Mayai yaliuawa na joto."

"Na joto lilipataje nafasi? Ndege alikuwa wapi?"

Nilishusha kalamu.

"Ukiandika joto, watang'oa nguzo," alisema. "Watasema hapafai, ndege wenyewe wameshindwa. Hawakushindwa, mwanangu. Uliwaona. Waliatamia mawe siku kumi na mbili juu ya siku zao."

"Ukiandika mbwa, watakuondoa wewe."

"Hilo nimelisoma hata bila miwani."

"Lakini hakuna anayejua. Mwalimu amesema…"

"Mwalimu ni mtu mzuri. Weka alama kwenye mbwa."

Niliweka alama. Chini yake palikuwa na mstari wa maelezo. Niliandika: *Mbwa wa mlinzi, mzee, mgonjwa, alikuwa bila kamba*. Akaniambia nimsomee, nikamsomea.

"Futa mzee. Futa mgonjwa."

"Shangazi, hiyo ni kweli tupu."

"Ndege hajui hilo," alisema, na sauti yake ikapasuka katikati, kama shuka kuukuu linapochanwa.

Nilifuta. Akatia sahihi taratibu, herufi moja moja.

Afisa wa wanyamapori alikuja mwenyewe baada ya wiki mbili. Alikuwa kijana mpole, alikunywa chai yote na hakujua aanzie wapi, hadi shangazi akamsaidia: "Sema tu, baba, nami nilikuwa mwajiriwa." Akasema. Kwa kuwa kiota hakikupotea kwa sababu za asili, kipande kile kitalindwa msimu mmoja zaidi. Lakini mlinzi hawezi kuwa yeye. Shangazi alikubali kwa kichwa katika sehemu zote mbili. Aliinuka, akatoa zile kamba kumi na moja misumarini, akazikunja kila moja, akamkabidhi. Afisa alizipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo hajashuka tena ufukoni. Akienda dukani huzunguka kwa njia ya juu. Nilipopata kazi ya maktaba nilibaki kuishi kwake, na msimu uliofuata nilikuwa ninashuka Jumamosi kumsaidia mlinzi mpya, mimi niliyekuwa siwezi kumwambia mtu nipishe nipite. Kamba zilikuwa kwenye sanduku la mbao lililopigiliwa kwenye nguzo. Aliyelitengeneza ni mwalimu wa udereva. Yeye mwenyewe hakuwa anaazima tena. Mbwa wake alikuja na kamba yake kutoka nyumbani.

Jozi mbili zilitaga mwaka huo. Siku ambayo makinda wawili waliruka, tulikwenda wote, mimi na mwalimu, moja kwa moja hadi kwa shangazi, mchanga bado kwenye viatu. Mwalimu alimwacha mbwa nje. Shangazi alikuwa sebuleni, kapu la nguo miguuni. Tukakaa mbele yake.

"Wameruka," nilisema. "Wawili."

Alikuwa na taulo mkononi. Alilikunja kona kwa kona, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mlipita kwenye mchanga uliolowa?"

"Tulipita."

"Mbali na gogo?"

"Mbali, mama," alisema mwalimu. "Twende ukaone. Gari liko nje. Utatazama kutoka kilimani tu, hushuki."

Alitazama mlango, misumari kumi na miwili iliyokuwa tupu. Kisha mkono wake wa kushoto ukashuka taratibu pembeni mwa kiti, chini, mahali ambapo mbwa alikuwa akilala, ukagusa ubao wa sakafu mara mbili.

"Haya," alisema, akituaga.

Tukainuka tukaenda. Yeye alibaki amekaa.